Besi Nzito Isigeuzwe Kuwa Kelele

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niwafikishie waandaaji wa usiku wa rege na dabstepu (muziki wa klabu wa London wenye besi nzito, yaani sauti za chini) jambo ambalo sisi mashabiki tumezoea kulilalamikia mlangoni wakati wa kutoka, kisha kila mtu akaenda kulala nalo. Muziki huu unaharibiwa na mitambo inayopandishwa sauti wakati ilitakiwa ipangwe vizuri, na masikio yetu ndiyo yanayoumia.

Hivi karibuni nilikwenda kwenye usiku wa aina hiyo, rege ikitangulia na dabstepu ikifuata, na saa za mwanzo zilikuwa njema kweli kweli. Selekta wa rege, yaani mpiga santuri, aliiondoa sauti ya mwimbaji, besi na dramu vikabaki peke yake, na pigo moja la gitaa likawa linajirudia kwa mwangwi ukumbi mzima hadi likafifia. Niliposimama karibu na ukuta wa spika nilihisi kitambaa cha suruali kikitikisika magotini, na bado niliweza kusemezana na mwenzangu. Zamu ilipobadilika, kila kitu kikapandishwa. Taa nyekundu kwenye meza ya mitambo ziliwaka zisizimike tena, matoazi yakawa yanachoma, na besi yenyewe ikapoteza umbo ikawa mkwaruzo mtupu. Haukupita muda mrefu, watu waliokuwa wakicheza mbele wakaanza kurudi nyuma wameziba masikio kwa vidole, na mimi nikarudi nyumbani na mlio masikioni ambao haukunitoka hadi jioni ya siku iliyofuata.

Wapo watakaoniambia kwamba dabstepu ndivyo ilivyo, na asiyeweza kuistahimili abaki kwenye rege. Nawapinga kwa sababu muziki huo naupenda na najua ulikotoka. Katika miaka ya 1970 mjini Kingston, fundi wa umeme Osbourne Ruddock, ambaye dunia inamfahamu kwa jina la King Tubby, aliigeuza meza ya kuchanganyia sauti kuwa ala ya muziki: alikuwa akichukua wimbo uliokwisha kurekodiwa, akautoa uimbaji, akaupunguza mpaka ukabaki mifupa ya besi na dramu, akaacha mwangwi ujaze nafasi iliyobaki. Huo ndio muziki wa dabu. Wajamaika waliohamia Uingereza walikwenda na utamaduni wao wa saundi sistimu, yaani mitambo mikubwa iliyojengwa kwa mikono kwa ajili ya dansi, na miongo kadhaa baadaye vijana wa London ya kusini, wengi wao wakikutana kwenye duka la santuri la Big Apple Records huko Croydon, wakaichanganya dabu na midundo ya klabu za mji wao, na hapo dabstepu ikazaliwa. Mwaka 2005 watayarishaji wa dabstepu Digital Mystikz na Loefah walianzisha usiku wa muziki ulioitwa DMZ katika mtaa wa Brixton, London, na tangazo lao liliwaalika watu waje kuutafakari uzito wa besi. Mwaliko huo hauzungumzii kelele hata kidogo.

Hata ukihesabu midundo utauona undugu huo. Dabstepu hukimbia kwa midundo kama 140 kwa dakika, lakini pigo kali la dramu huangukia mdundo wa tatu katika kila minne, na kwa hiyo mwili huucheza muziki kana kwamba ni midundo 70, mwendo ambao mpenzi wa rege anaujua tangu utotoni. Katika rege ya mtindo wa wan dropu, uzito nao huwekwa kwenye mdundo huo huo wa tatu, na mdundo wa kwanza huachwa wazi. Muziki wa pande zote mbili unaishi kwa nafasi zilizo wazi. Ukumbi ukijazwa mkwaruzo, nafasi hizo hufa, na anayecheza hana tena mahali pa kuuweka mguu.

Sasa nije kwenye mitambo, maana hapo ndipo penye kosa. Sauti ya besi ya hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, ina wimbi lenye urefu wa zaidi ya mita 8, na kulisukuma hewani kunahitaji spika kubwa zenye makasha yaliyojengwa kwa kazi hiyo, pamoja na amplifaya, kifaa cha kuzipa spika nguvu, yenye akiba ya kutosha. Kila unapoongeza desibeli 3, kipimo cha ukubwa wa sauti, amplifaya inatakiwa itoe nguvu maradufu. Ukiongeza 10, nguvu mara kumi. Ikifika ukomo wake huvikata vilele vya mawimbi, na hapo huzaliwa sauti kali za juu ambazo mtunzi hakuziweka kwenye wimbo. Tena ukumbi wenyewe una hila zake, kwani besi hujikusanya kwenye kuta na pembe na kupotea sehemu nyingine, kwa hiyo fundi mitambo asiyeinuka mahali pake huhisi besi imepungua, akaongeza sauti, kumbe angezunguka ukumbi angeikuta imejaa tele hatua chache kutoka alipo. Lipo na jambo la zamu, ambalo nadhani ndilo lililotuponza usiku ule. Santuri nyingi za rege za miaka ya 1970 hutoa sauti ndogo kuliko mafaili ya kidijitali ya leo, na anayepokea zamu kutoka kwa mpiga santuri bila kushusha vidhibiti vyake huwashtua watu wote kwa mkupuo, hata kama hakukusudia.

Madhara yake kwa mwili si ya kubahatisha. Sikio la binadamu husikia kwa wepesi zaidi sauti zilizo kati ya hezi 2,000 na 5,000, na usikivu ulioharibiwa na kelele kwa kawaida huanza kupungua karibu na hezi 4,000, mbali sana na besi. Seli zenye vinyweleo katika sikio la ndani, ambazo ni kama 15,000 kwa kila sikio, zikifa hazioti nyingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya vijana bilioni 1 wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya namna wanavyosikiliza muziki, na Machi 2022 lilitoa kiwango cha kimataifa kwa ajili ya kumbi na matamasha. Kiwango hicho kinataka wastani wa sauti usizidi desibeli 100, sauti ipimwe wakati wote wa shughuli, mitambo ipangwe kulingana na ukumbi, wanaohudhuria wapatiwe vizibo vya masikio, pawe na sehemu tulivu ya kupumzikia, na wafanyakazi wapewe mafunzo.

Najua waandaaji wanahofu kwamba kikomo cha namna hiyo kitaua besi. Hofu hiyo haina msingi, na ningependa waielewe sababu yake. Desibeli za kiwango hicho hupimwa kwa kufuata usikivu wa sikio, ambalo husikia sauti nzito sana kwa shida, na kwa hiyo besi ya chini kabisa haihesabiwi kwa ukali sawa na sauti za kati na za juu. Fundi anayeshusha matoazi na sauti za kati, akaiacha besi itembee, anaweza kuwatikisa watu kifuani na bado akabaki ndani ya kikomo. Selekta wa usiku ule alitufanyia hivyo mbele ya macho yetu, kwa spika zilezile zilizokuja kuharibiwa sauti saa mbili baadaye.

Ninachoomba kwa waandaaji ni kwamba fundi mitambo mmoja awe na mamlaka juu ya sauti kuanzia mlango unapofunguliwa hadi unapofungwa, wala DJ yeyote, hata awe na jina kubwa kiasi gani, asiruhusiwe kumpita. Fundi huyo apewe muda wa kuijaribu mitambo kabla watu hawajaingia, na azunguke ukumbi tena baada ya kujaa, kwa sababu miili ya watu hufyonza sauti na kila alichokipanga mchana hubadilika. Vizibo vya masikio vitolewe mlangoni bila malipo, tena kwa moyo mkunjufu, maana kijana anayeona aibu kuomba hataomba. Na kama inawezekana, rege na dabstepu zisitenganishwe kwa zamu mbili zisizojuana. Mwendo wake unaruhusu zipigwe kwa kupokezana usiku kucha, na wapigaji wakisikilizana hakuna atakayehitaji kumzidi mwenzake kwa makelele.

Kwako wewe, Mhariri, nina ombi pia. Gazeti lako linapoandika habari za usiku wa muziki hutaja waliopiga, waliohudhuria na saa ambayo dansi lilikwisha. Ningefurahi waandishi wako wakianza kueleza pia sauti ilikuwaje ukumbini, kama besi ilisikika kwa usafi mbele na nyuma, kama vizibo vilipatikana, na kama palikuwa na mahali pa kuyapumzisha masikio. Waandaaji husoma kurasa hizo kwa makini kuliko wanavyosikiliza malalamiko ya mlangoni, na wale wanaoijali mitambo yao wanastahili kutajwa kwa sifa.

Wako,
Msomaji na mpenzi wa rege na dabstepu