Barua ya wazi kwa binamu yangu: nilikudanganya kuhusu zile muvi

Binamu,

Salamu kwanza. Halafu kaa kitako, maana ninayotaka kukuambia yamenikaa rohoni muda mrefu. Miaka yote hii umekuwa ukinitumia majina ya muvi na sizoni za kuangalia, na kila ukiniuliza "Vipi, umeiona?" nakujibu "Kali sana!" Binamu, nyingi sikuziona. Nyingine nilifika nusu nikalala na rimoti kifuani. Na zipo nilizozitazama mpaka majina ya mwisho yakapita, nikazichukia, ila kwa jinsi ulivyokuwa umezisifia mpaka povu linakutoka nikaona nikupe tu hilo neno lako, tulale kwa amani.

Leo nasema kweli, na nasema hadharani ili nisipate pa kurudi nyuma.

Tuanze na deni kubwa kuliko yote: Game of Thrones. Sizoni nane, episodi 73, kuanzia 2011 mpaka 2019. Nilikuambia nimemaliza. Ukweli ni kwamba nilikwama sizoni ya tano, zilizofuata nikasoma muhtasari kwenye simu, halafu nikarukia ya mwisho ili tukikutana nisikae kama bubu. Lakini ile sizoni ya kwanza niliiangalia kwa macho yote mawili, na episodi ya tisa naikumbuka kama jana. Wewe na mimi tulikua na sheria moja: stelingi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni, nyumba itamlipukia mgongoni huku akitembea bila kugeuka, lakini hafi. Sasa Ned Stark, stelingi mwenyewe, akaletwa mbele ya umati, akapigishwa magoti, upanga ukainuliwa, nami nimetulia kabisa, najua kuna mtu anakuja mbio na farasi. Upanga ukashuka. Nikangoja. Episodi ya kumi ikaanza, bado nangoja. Nikawaza labda ana pacha. Nilikubali msiba ule kwenye sizoni ya pili, binamu, na kuanzia hapo kila mtu akishika mlango nilikuwa namuaga moyoni.

Ndiyo maana sizoni ya mwisho iliniuma. Watu waliokuwa wakisafiri kutoka kaskazini kwenda kusini episodi baada ya episodi, wakilala njiani, wakigombana, wakijuana, sasa wanatoka huku na kufika kule kabla hujajigeuza kwenye kochi. Ule usiku wa vita kubwa ulikuwa na giza kiasi kwamba nilijiona mwenyewe kwenye kioo cha runinga vizuri kuliko nilivyowaona wapiganaji. Na kile kikombe cha kahawa cha siku hizi kilichosahaulika mezani katika episodi ya nne, ambacho baadaye walikuja kukifuta kwa kompyuta? Ulinitumia ile picha ukicheka. Mimi sikucheka. Nilikiona kile kikombe kama barua ya kuacha kazi: hapa watu wamechoka, wanataka kwenda kwao.

Sasa uongo wa upande wa pili, ambao naona aibu zaidi kuutaja. Uliwahi kuniambia kwamba filamu zisizo na rangi ni za wazee wasio na usingizi, na ukatoa mfano wa 12 Angry Men: wanaume kumi na wawili, chumba kimoja, maneno tu. Nikakubaliana na wewe. Binamu, ile filamu nimeiangalia mara nne. Ni ya mwaka 1957, dakika 96, na ukiondoa dakika chache za mwanzo na mwisho hutoki kwenye kile chumba na choo chake. Kijana wa miaka 18 anashtakiwa kumuua baba yake kwa kisu. Wazee wa baraza wanapiga kura: kumi na moja wanasema ana hatia, mmoja anapiga kura ya kukataa. Hasemi kijana hakuua, unanisikia? Anasema hajui, tuzungumze. Kuna joto, feni haifanyi kazi, na mmoja wao ana tiketi ya mechi mfukoni, anataka yaishe awahi.

Mwendesha mashtaka alikuwa amedai kisu kile ni cha aina yake, hakuna kingine. Yule mmoja anasimama, anatia mkono mfukoni, anatoa kisu pacha, anakichomeka mezani kando ya kile cha ushahidi. Tap. Hakuna muziki uliopigwa kukuonya. Visu viwili tu vimesimama mezani, na watu wote wameinuka vitini. Nikisikia mtu anasema filamu bila kurushiana risasi haina kitu, naona vile visu.

Nilikuja kusoma jinsi mwongozaji wake, Sidney Lumet, alivyoipiga, nikarudi kuiangalia upya. Mwanzoni kamera iko juu ya macho ya watu, na lenzi zinakionyesha chumba kikiwa kipana. Kadiri maneno yanavyokuwa makali kamera inashuka taratibu na lenzi zinabadilika, mpaka mwisho unaiona dari na kuta zimewasogelea. Huoni wakati inafanyika. Unajikuta tu umelegeza kola ya shati. Na mpaka wanashuka ngazi hakuna anayekuambia kama kijana aliua au la. Nadhani hapo ndipo wewe ungerusha mto. Mimi hapo ndipo nilipowapenda.

Kwa hiyo utanielewa nikikuambia kwamba katika zile zako za kutisha, zenye majini ya kompyuta yaliyopakwa ute, hakuna iliyoninyima usingizi, ila Jaws ya mwaka 1975 ilinifanya nione ndoo ya maji kwa jicho baya. Papa mwenyewe huonyeshwi sawasawa mpaka zaidi ya saa moja imepita. Na haikuwa ujanja wa kupanga tangu mwanzo: walitengeneza papa wa mitambo, wakamtia kwenye maji ya chumvi, akawa anaharibika kila kukicha. Ikabidi mwongozaji, Steven Spielberg, apige filamu ya papa bila papa. Ndipo tukapata yale mapipa ya njano yanayokimbia juu ya maji, na ule muziki wa noti mbili. Pipa, binamu! Nimeogopa pipa. Leo yule papa angechorwa kwa kompyuta, angetokea dakika ya tatu akiwa na meno yote, nasi tungekuwa tumeshamzoea kabla hatujajua nani ni nani.

Kuna mambo madogo yanayoniudhi kila mahali, nayataja haraka haraka. Watu wa kwenye sizoni hawaagani kwenye simu, mtu anakata tu, na wa upande wa pili hakasiriki. Wapelelezi wanaikuza picha ya ukungu mpaka wanasoma namba ya gari. Mtu akikohoa mara moja, mwandalie sanda. Na kile kicheko cha kubandika kwenye vichekesho! Ni kama mtu amekaa pembeni yako anakupiga kiwiko: cheka basi, cheka. Wale waliotengeneza M*A*S*H, ya madaktari wa jeshi katika vita vya Korea, walikataa kicheko hicho kisiwekwe kwenye chumba cha upasuaji, na hapo ndipo ilipokuwa na uzito wake. (Ingawa hao nao: vita vyenyewe vilikuwa vya miaka mitatu, wao wakavipigana miaka 11.)

Na The Lion King, ile ya 1994, najua ni takatifu kwako. Mimi naipenda pia, na pale kwenye korongo macho huwa yanaingia vumbi. Lakini hebu tuzungumze kama watu wenye lugha yetu. Simba anaitwa Simba. Ni sawa na kuandika riwaya ambamo shujaa anaitwa Mtu. Nyani mganga anaitwa Rafiki, ngiri anaitwa Pumbaa, na fisi jike akapewa jina la Shenzi, tukalisikia midomoni mwa watoto wa dunia nzima bila mtu wa kuwakemea. Ni mama yake Simba tu aliyepata jina la heshima, Sarabi, yale mazigazi ya jangwani. Kila nikiiona natamani ningekuwa kwenye kile chumba walipokuwa wanafungua kamusi.

Chernobyl, ile sizoni ya ajali ya kinu cha nyuklia, ulinisihi niangalie, nikasema "kali sana" kabla sijaifungua. Nilikuja kuifungua mwaka mzima baadaye. Hii, binamu, uliipatia. Episodi tano, basi. Kuna mahali askari wanapandishwa juu ya paa kutupa chini vipande vyenye mionzi, na kila mmoja amepewa sekunde 90, si zaidi, kwa sababu mwili hauwezi kuvumilia zaidi. Kamera inatoka na askari mmoja na haimwachi. Unasikia pumzi yake ndani ya kifuniko cha uso na mlio wa kifaa cha kupimia mionzi ukizidi. Anahangaika na koleo, anajikwaa, buti linachanika. Ni dakika moja na nusu ya saa ya kawaida ukutani, lakini nilipokuja kushtuka nilikuwa nimesimama katikati ya sebule.

Baadaye nikagundua yule mwanasayansi mwanamke, Khomyuk, hakuwahi kuwapo. Walimuunda asimame kwa niaba ya wanasayansi wengi, na wenyewe wanakiri mwishoni. Lakini Legasov, yule mwanasayansi mwanamume, kusimama mahakamani na kueleza kila kitu kwa kadi nyekundu na za buluu? Legasov wa kweli hakuwa kwenye kesi ile. Hili lilinikera siku mbili. Sijui kwa nini la kwanza nililisamehe na la pili bado nabishana nalo nikiwa naoga. Labda kwa sababu la kwanza waliniambia.

Cast Away, ile ya mtu aliyekwama peke yake kisiwani. Nilikuambia niliona ni ya kawaida. Nililia. Si kwa ajili ya Tom Hanks, ingawa filamu ilisimamishwa karibu mwaka mzima ili akonde na nywele na ndevu zimwote. Nililia kwa ajili ya mpira wa wavu uliochorwa uso kwa damu, ulipokuwa unaelea kwenda zake. Mtu mzima, na akili zangu timamu. Nadhani kilichoniponza ni kwamba muda wote yuko kisiwani hakuna muziki, ni mawimbi na upepo tu, kwa hiyo nilikuwa sina pa kujificha.

Sasa zamu yako. The Sixth Sense, ile ya daktari na mtoto, ya mwaka 1999, ulinimalizia. Hujasahau. Nilikuwa nimefika dakika ya tano, ukapita nyuma ya kochi, ukasema sentensi moja, ukaenda zako jikoni kama hujaua mtu. Sitaitaja sentensi hiyo hapa, mimi si kama wewe. Nilikaa nikaiangalia hivyo hivyo kwa hasira, nikijua, na nikabaki nikitazama viti na vitasa vya milango badala ya nyuso. Anayejua anajua. Ilikuwa nzuri hata hivyo, tena nzuri sana, lakini ile filamu waliyoiona wenzangu mimi sitaiona kamwe. Ulinipa nyingine.

Hilo ndilo lililonifanya The Sopranos, tamthilia ya bosi wa mafia na familia yake, nisikutajie kabisa nilipokuwa naiangalia. Episodi 86, na zote niliziona, hii siyo ya kusoma muhtasari. Mwisho wake baba yuko mgahawani, mke yuko, kijana yuko, binti anahangaika kuegesha gari nje, muziki unapigwa, mlango unafunguliwa, baba anainua macho, halafu giza. Kioo cheusi, kimya. Nilipiga runinga kofi. Nikakagua waya. Nikapiga magoti nyuma ya meza na tochi ya simu. Niliporudi kukaa, majina yalikuwa yanapanda bila sauti, ndipo nikajua kwamba hakuna kilichoharibika. Nilikasirika wiki nzima. Leo ukiniuliza mwisho gani wa tamthilia ninaoukumbuka bila kusaidiwa, ni huo wa mimi kupiga magoti nyuma ya runinga.

Mengine tutayamaliza tukionana. Ile sizoni uliyonitumia Jumapili nimeianza kweli, sikudanganyi, niko dakika ya kumi na nane. Yule mzee wa koti la kijivu anayejifanya anamwagilia maua simwamini hata kidogo. Usiniambie chochote. Hata ukitabasamu nitajua.

Binamu yako