Hela ya mbegu usitume kwanza

Shoga Zuhura,

Asalaam aleikum, natumai mko wazima huko Maskati na hilo joto lenu, watoto nao salama. Mimi mzima, Morogoro mvua zake za kushtukiza tu na kazi. Najua nimenyamaza sana, voisi zako nazisikiliza kwenye daladala nikifika nyumbani nishachoka nalala, basi leo nimekaa kitako nakuandikia mana tangu Faki anipigie jana sina raha.

Anasema umemuahidi hela ya mbegu mwisho wa mwezi ili bonde la Bi Mkubwa huko Pemba lipandwe mpunga upya haraka haraka. Shoga, usitume. Ya kuziba tuta tuma, ya chakula tuma, ya mbegu ishikilie, na usianze kusema "profesa kaanza" mana nakujua.

Picha alizonitumia umeziona? Lile bamvu limekata tuta, maji ya bahari yamelala bondeni siku kadhaa, sasa udongo umekauka umefanya weupe juu na miche yote imeungua ncha. Faki anaona maji yameshatoka basi yameisha. Hayajaisha, maji ndo yametoka, chumvi imebaki.

Ile kazi yangu ya kukata mizizi uliyokuwa unaicheka ndo hii sasa inatuhusu. Mzizi wa mpunga unaubana katikati ya kipande cha karoti, unakata kwa wembe wa kawaida wa dukani mpaka upate kijipande chembamba mwanga unapita, unatia rangi, unaweka chini ya darubini. Unaona ngozi ya nje, unaona nafasi tupu za kupitishia hewa, halafu katikati mishipa ya maji imezungukwa na pete moja ya seli. Hiyo pete ndo yenye kazi. Baina ya seli na seli pamezibwa na utepe wa lignini, kile kinachofanya mbao kuwa ngumu, Mjerumani mmoja Robert Caspary aliueleza mwaka 1865 na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Maji yaliyokuwa yanapenya penya kwenye kuta za seli yakifika pale basi, lazima yaingie ndani ya seli, na seli inachagua cha kupitisha. Baadaye zile seli zinajipaka suberini juu yake, ndo kitu kile kile cha kwenye vizibo vya chupa.

Sasa kinachonipagawisha mimi ni kwamba kiasi cha kupaka hakijapangwa, mmea unaangalia hali ya udongo. Marie Barberon na wenzake, kwenye maabara ya Niko Geldner kule Lausanne Uswisi, walionyesha mwaka 2016 kwa kale kamea ka maabara kanaitwa Arabidopsis: chumvi ikizidi mzizi unaongeza suberini, homoni inayotoa amri ni ABA, ile ile ya mmea ukipata kiu. Madini ya chuma au zinki yakipungua unafanya kinyume, unapunguza suberini ili yapite, na hapo anayeamrisha ni ethilini, ile ya kuivisha ndizi. Mpunga nao una tabaka jengine la kuziba, karibu na ngozi ya nje. Ukikaa kwenye tope lisilo na hewa unaliziba, ili hewa inayoshuka kutoka juu isivujie njiani ifike hadi nchani, na ukiotesha mpunga huo huo kwenye udongo unaopitisha maji vizuri hauhangaiki hivo.

Utasema basi kama mzizi una akili zote hizo si upandwe tu ujizibe wenyewe. Hapana. Nchani pete haijakomaa, na kila mzizi mdogo wa pembeni unachipuka kutokea ndani, unapasua tabaka zote ndo utoke, yani ni kama umemaliza plasta halafu unatoboa ukuta uweke dirisha. Sodiamu inapita hapo hapo inapanda na maji mpaka majani. Mpunga unavuja sana kwa njia hiyo. Pokkali, mpunga wa Kerala India unaolimwa kwenye maji ya chumvi, ulipolinganishwa na aina isiyovumilia ulikutwa na suberini zaidi mizizini na sodiamu kidogo ikipanda, lakini huo ni Pokkali, si hiyo mbegu Faki aliyoambiwa na mwenye duka ni "ya chumvi", mfuko wenyewe hauna hata lebo! Nilimuuliza inaitwaje akaanza kunisalimia upya.

Na kinachowadanganya watu ni kwamba mbegu itaota. Itaota vizuri tu, kijani, Faki atakutumia picha mtafurahi, kisha ikifika majani mawili matatu inaanza kuungua. Mpunga kwenye kuota hauoni tabu, unaumia uchangani na unaumia tena unapotoa maua. Mavuno yanaanza kushuka chumvi ya udongo ikipita desisimensi 3 kwa mita (ndo kipimo cha chumvi hicho), na bahari ni kama 50. Ule mchu, mkoko ule wa pembeni ya bonde tuliokuwa tunalamba majani yake unazuia chumvi nyingi mizizini, inayopita unaitoa kwenye majani, ndo mana ulikuwa na ladha. Mpunga hauna pa kuitemea.

Kwa hiyo tuta lizibwe kabla ya bamvu jengine, masika iingie ioshe, maji yakipwa wafungue mtaro yatoke, yakijaa wafunge. Wakati huo miche iatikwe juu karibu na kisima, ikae kama siku 30 ipate nguvu ndo ihamishiwe bondeni. Mbegu watafute SATO 1 au SATO 6, hizo ndo zimetolewa hapa Tanzania kwa ajili ya chumvi. Bi Mkubwa mwenyewe kaniuliza habari ya majivu ya pumba za mpunga, kuna mtu kamwambia. Si uongo mtupu, yana silika, kitu cha kwenye mchanga, na silika kwenye majaribio ya maabara inapunguza kule kuvuja, ila kwa bonde lile atamaliza pumba za Pemba nzima.

Tatizo hatuna cha kupimia, na hapo ndo nakuhitaji. Yule shemeji mwenye shamba Barka bado ana kile kidude cha mkononi cha kupimia chumvi ya maji? Si ndo huko Batina visima vimeingia bahari kwa kuvutwa maji kupita kiasi, lazima vinauzwa. Bei gani? Unaweza kuninunulia kimoja ukampa Mwanaidi akija, au keshasafiri? Na Faki utamwambia wewe au nimwambie mimi, mana mimi ananiona bado mtoto? Time kajifungua? Na ile kesi ya nyumba imeishia wapi, au ndo mambo yale yale ya... haya, utaniambia mwenyewe. Jibu kwa maandishi shoga, voisi za dakika kumi siziwezi.

Wako,
Salma