Mfano wa Meli ya Kale Uandamane na Maelezo ya Aliyeujenga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nizungumzie makala mliyoichapisha hivi karibuni juu ya maonyesho ya mifano ya meli za kale. Mwandishi wenu aliyaeleza maonyesho hayo kwa lugha nzuri, na sisi tunaokesha tukichonga gofia (roda za kupitishia kamba) ndogo kama punje za mtama tulifurahi kuona kwamba kazi yetu imepata mtu wa kuitazama kwa utulivu. Lakini mahali pamoja alinikwaza. Aliandika kwamba mfano wa Santa María, meli aliyoiongoza Columbus mwaka 1492, ni nakala kamili ya meli yenyewe hadi kamba ya mwisho. Jambo hilo haliwezekani, na kosa si lake peke yake.

Santa María ilipanda mwamba usiku wa Krismasi ya mwaka huohuo katika pwani ya kisiwa cha Hispaniola, mbao zake zikatumiwa kujengea ngome, na hakuna mchoro wala orodha ya vipimo vyake iliyotufikia. Tunachojua ni kidogo mno: muhtasari wa shajara ya Columbus unataja matanga yaliyotwekwa siku fulani ya Oktoba, na kutokana na orodha hiyo watu wamekubaliana kwamba ilikuwa na milingoti mitatu. Mengine yote, kuanzia urefu wa mkuku, yaani uti wa chini wa meli, hadi umbo la shetri, sehemu yake ya nyuma, yamekisiwa kwa kutazama michoro ya vyombo vingine vya zama zile. Ndiyo maana tangu maadhimisho ya miaka 400 mwaka 1892, kila waliojaribu kuiunda upya wametoa meli isiyofanana na ya wenzao. Aliyejenga mfano mliousifu ana mkono safi, nami nilisimama mbele ya kazi yake kwa muda mrefu nikitamani ingekuwa yangu. Ila pembeni yake palikuwa na kibao chenye jina la meli na mwaka tu, na mwandishi wenu angejuaje zaidi ya hapo?

Hoja yangu ni kwamba mfano wa meli ya kale usiwekwe hadharani, wala usisifiwe gazetini, bila maelezo ya mjenzi wake yanayobainisha ametumia skeli gani (yaani ameipunguza meli mara ngapi), vipimo amevitoa wapi, na ni sehemu zipi alizozikisia kwa sababu hakuna ajuaye zilivyokuwa. Ukurasa mmoja unatosha. Aliyejenga kwa kufuata michoro iliyokuja ndani ya seti ya kiwandani, jambo lisilo na aibu yoyote, naye aandike hivyo hivyo.

Nafahamu kwamba wapo watakaoniona nakuza dogo, wakisema kuwa hii ni burudani ya jioni na kwamba mtu aachwe afurahie gundi yake. Ningewakubalia lau nisingeijua habari ya J. Richard Steffy, fundi umeme wa mji wa Denver katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, ambaye baada ya kazi zake za nyaya na swichi alikuwa akijenga mifano ya meli za kale nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliiacha biashara hiyo ya umeme akaenda Kupro kuiunganisha meli ya Kyrenia, chombo cha biashara cha karne ya nne kabla ya Kristo, chenye urefu wa meta 14 hivi, ambacho mzamiaji Andreas Cariolou alikiona chini ya bahari mwaka 1965 na timu ya Michael Katzev ikakichimbua miaka michache baadaye. Mbao zilizolala kwenye tope kwa zaidi ya miaka 2,000 zilikuwa zimelegea, zimepasuka, na kupoteza mkunjo wake wa awali, kwa hiyo hapakuwa na namna ya kuzitazama tu na kujua ubavu wa meli ulivyopinda. Steffy alijenga mifano. Alikunja vijiti, akavioanisha, na pale mfano ulipokataa kufunga alitambua kwamba dhana yake ndiyo iliyopinda.

Katika kazi hiyo lilionekana jambo ambalo kila mjenzi wa mifano angepaswa kulitafakari kabla hajashika msumeno. Meli ya Kyrenia ilijengwa kwa kuanzia ganda la nje: mbao za ubavuni ziliunganishwa ukingo kwa ukingo kwa ndimi za mti zilizoingia katika matundu ya ubao uliofuata, kisha zikakazwa kwa vigingi, na mataruma, yaani mbavu za ndani, yakatiwa baadaye ili kulitegemeza ganda lililokwisha kupata umbo. Sasa mtu akijenga mfano wa meli hiyo kwa kutanguliza mataruma na kubandika mbao juu yake, kama seti nyingi zinavyoelekeza, kwa nje atapata umbo lilelile na watazamaji watapiga makofi, lakini atakuwa ameeleza uongo juu ya namna mafundi wale walivyofikiri. Akiandika kwamba amefanya hivyo kwa sababu ya urahisi, uongo umekwisha. Steffy alifundisha katika Chuo Kikuu cha Texas A&M, na mwaka 1985 akapewa tuzo ya MacArthur ya Marekani; kazi yake inafuatika mpaka leo kwa sababu aliandika alichokijaribu na kilichomshinda.

Mifano ya kale yenyewe inatufundisha hatari ya kunyamaza. Kuanzia katikati ya karne ya 17 huko Uingereza ilijengwa mifano mizuri ajabu ya meli za kivita, mingi kwa skeli ya 1:48, sehemu ya chini ya mwili ikiachwa bila mbao ili mataruma yaonekane. Mingi iko katika makumbusho ya Greenwich, London, na mingine imehifadhiwa katika chuo cha jeshi la majini la Marekani huko Annapolis. Mtu akiitazama anadhani ameonyeshwa meli ilivyoungwa ndani, kumbe mataruma yale yalipangwa kwa mtindo wa kupendeza macho, ambao haukuwa ndio mpangilio wa meli kubwa zenyewe. Waliojenga walilijua hilo, na waliowajengea walilijua, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuliandika. Ni sisi tuliokuja baadaye tuliolazimika kulifumbua. Hali kadhalika mifano ya mifupa iliyochongwa na wafungwa wa Kifaransa nchini Uingereza wakati wa vita vya Napoleon, ambao walitumia mifupa iliyobaki kwenye mgawo wao wa nyama: ni kazi ya kutoa machozi kwa ustadi, lakini milingoti yake mara nyingi ni mirefu kupita kiasi, na anayetaka kuchukua vipimo humo atajenga meli ambayo ingepinduka kabla haijatoka bandarini.

Rangi nayo ina kisa chake. Vasa, meli ya kivita ya Uswidi, ilizama tarehe 10 Agosti 1628 katika safari yake ya kwanza, ikiwa imekwenda meta 1,300 tu ndani ya bandari ya Stockholm, na ikainuliwa tarehe 24 Aprili 1961. Kwa miaka mingi iliaminiwa kwamba mapambo ya shetri yake yalikuwa ya dhahabu juu ya rangi ya buluu, na wajenzi wa mifano duniani kote wakapaka buluu. Baadaye mabaki madogo ya rangi yaliyosalia kwenye mbao yalichunguzwa, ikabainika kwamba rangi ya nyuma ilikuwa nyekundu na kwamba masanamu yalipakwa rangi nyingi kalikali. Hakuna aliyetenda dhambi kwa kupaka buluu kabla ya hapo. Lakini mfano wa buluu wenye karatasi inayoeleza kwamba rangi imefuata maoni ya wataalamu wa mwaka fulani umekuwa ushahidi wa historia ya utafiti, ilhali ule usio na karatasi unaendelea kuwapotosha watoto wanaopelekwa kuutazama. Hata HMS Victory, meli ya kivita ya Uingereza, ambayo haijawahi kupotea na kila mtu anaweza kuipanda, ilipakwa upya mwaka 2015 kwa rangi iliyofifia zaidi baada ya tabaka za rangi za kale kuchunguzwa, na sisi wenye makopo ya njano iliyokolea tukabaki tunatazamana.

Nisije nikaonekana nawahukumu wenzangu, nitasimulia langu. Nilipojenga meli yangu ya kwanza kubwa ya kivita kwa skeli ya 1:64, kitabu kilinieleza kwamba kamba ya nanga ilikuwa ya sentimita 60 hivi. Niligawanya kwa 64, nikapata milimita zisizopungua tisa, nikasokota kamba hiyo kwa jioni mbili nzima kwa nyuzi za kitani nilizozipitisha kwenye nta. Ilipendeza. Ilikuwa nene kama kidole changu cha mwisho, na ilipofika wakati wa kuipitisha kwenye tundu la omo, sehemu ya mbele ya meli, haikuingia. Sikuishuku kamba, nilichukua keekee nikalipanua tundu! Ni miezi mingi baadaye nilipong'amua kwamba mabaharia wa zama zile walipima kamba kwa mzingo wake, hawakupima kwa kipenyo, na kwamba mzingo wa sentimita 60 ni kipenyo cha 19, yaani milimita tatu tu katika skeli yangu. Kamba niliibadilisha. Tundu lilibaki pana, na bado liko pana, na kila mgeni anayeitazama omo ya meli ile anaamini kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Makosa ya namna hii yamejaa katika mifano tunayoisifu, na mengine hayahitaji utaalamu kuyaona. Ubao mmoja ulionyooka bila kiungo kutoka omo hadi tezi katika meli ya meta 50 ungehitaji mti ambao mafundi hawakuwa nao; mbao halisi zilikuwa fupi na viungo vyake vilipishanishwa safu kwa safu ili ubavu usiwe na mahali pa kupasukia. Kamba zisizosogezwa, zile zinazoishikilia milingoti, zilipakwa lami zikawa nyeusi, na zile za kuvutia matanga zikabaki na rangi yake hafifu. Mfano wenye kamba zote za rangi moja unaeleza haraka ya mjenzi kuliko unavyoeleza meli.

Liko pia suala la vifaa, ambalo nadhani ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Mizinga midogo na nanga za risasi zikifungiwa ndani ya kabati la mwaloni huliwa na mvuke wa tindikali unaotoka kwenye mti huo, zikaota unga mweupe na mwisho zikamomonyoka zikiwa mahali pake. Mhifadhi akijua mapema kwamba vipande fulani ni vya risasi, kwamba gundi ni ya aina gani na kwamba mbao ni za mpea au za mninga, anaweza kuchukua hatua. Asipojua, ataligundua jambo hilo siku atakapokuta vumbi sakafuni mwa kabati.

Nawaomba basi waandaaji wa maonyesho watenge mahali pa ukurasa huo kando ya kila mfano, na wausome kabla ya kugawa tuzo. Nalo gazeti lenu, Ndugu Mhariri, litakapomtuma tena mwandishi kwenye shughuli kama ile, nashauri amwulize kila mjenzi swali moja kabla hajamwuliza ametumia miezi mingapi: ni kitu gani katika meli hii ambacho hukukijua ukalazimika kukikisia? Atapata habari nono kuliko idadi ya vipande.

Mimi siku hizi naiandika karatasi hiyo kwa penseli mara mbili. Nakala moja huikunja na kuiweka ndani ya mwili wa meli kabla sijaufunga ubao wa mwisho wa sitaha, na ya pili huikabidhi pamoja na mfano. Mifano yangu minne ya kwanza haina karatasi yoyote. Juzi nilijaribu kuiandikia, nikaanza na huu wenye tundu pana, nikaenda vizuri hadi nilipofika kwenye milingoti, nikagundua kwamba urefu wake niliutoa mahali ambapo hata mimi mwenyewe sipakumbuki tena.

Wako,
Mjenzi wa mifano ya meli