Risala ya Wahudumu wa Maegesho ya Ndege kwa Mgeni Rasmi, Entebbe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wetu wa kazi, na ninyi wenzetu mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa moja kwa moja bila kulala, karibuni.

Sisi ndio wale wa fulana za kung'aa mnaowaona dirishani ndege inapoegeshwa: waongozaji, wapakiaji mizigo, madereva wa matrekta. Kikundi chetu kilianza kwa kuweka na kukopa. Mikopo tunaimudu, kwa hiyo leo hatukuombi pesa. Tunataka kusema habari ya dakika mbili tatu za kwanza baada ya ndege kusimama.

Abiria hufungua mikanda wakijua wamefika. Huku chini bado. Taa nyekundu ya tumboni ikiwa inamulika, usihesabu injini kuwa imezimwa, wala usiisogelee. Masikio hayakusaidii, maana ndege ya jirani inanguruma nawe umeziba masikio. Unatazama taa, halafu unatazama ule mchoro mweupe uliojikunja kama konokono katikati ya injini. Ukiuona wazi, umetulia, feni imesimama. Hapo ndipo koni za tahadhari zinapelekwa chini ya bawa.

Tarehe 31 Desemba 2022, huko Montgomery, Alabama, Marekani, mfanyakazi wa kazi kama yetu alivutwa na injini ya ndege aina ya Embraer 175, akafa. Injini ndogo ya mkiani inayotoa umeme ilikuwa mbovu, kwa hiyo marubani hawakuzima zote huku wakisubiri waunganishiwe umeme wa chini. Siku hiyo hiyo wafanyakazi walikuwa wamekumbushwa mara mbili wasisogee kabla ya injini kuzimwa.

Hata sisi tumeponea chupuchupu. Mwenzetu mmoja alivuka mstari na koni mkononi, taa bado inamulika, kwa sababu nyuma yake sauti ilikuwa inafoka, "Haraka, tumechelewa!" Mzee wetu wa zamu alimdaka fulana ikachanika begani. Fulana hiyo mwenzetu bado anaivaa, ameishona kwa uzi wa bluu.

Mheshimiwa, ombi letu kubwa ni hili: yeyote kati yetu, hata aliyeajiriwa jana, akisema "ngoja", asubiriwe, wala asiandikiwe barua ya onyo ndege ikichelewa. La pili, maelezo ya usalama yatolewe kwa Kiswahili pia. Zamu moja ina Muganda, Mlugbara na Mkenya, na si wote wanaofuata Kiingereza cha kusomwa mbiombio saa kumi alfajiri. Ombi letu la makoti ya mvua linajulikana, hatutalirudia.

Lipo na la kaveera, yaani mifuko ya plastiki. Zinapeperuka kutoka kwenye vibanda vya roleksi, zile chapati za mayai, hadi maegeshoni, na injini haichagui inachomeza. Tunaziokota kila zamu, na makorongo nao wanazifuata.

Baada ya chai, ukipata nafasi, fulana yako ipo tayari. Usimame nasi nyuma ya mstari, ndege ya jioni inapoingia.

Tunaomba kuwasilisha.