Miti ya mjini isikatwe vichwa

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe kilio changu kuhusu miti ya barabarani hapa Dar es Salaam.

Mafundi walifika mtaani kwetu Upanga kupunguza matawi yaliyogusa nyaya za umeme. Hilo sina ugomvi nalo. Lakini mkungu wetu, ambao wauza matunda na vijana wa bodaboda hujificha jua chini yake, waliukata kichwa chote ukabaki gogo. Tawi moja nene lilikatwa kwa mkupuo kutoka juu. Lilipoanguka likachuna gome la shina, urefu wa mkono mzima. Kidonda kama hicho ndicho mlango wa kuvu na wadudu.

Tawi zito hukatwa kwa hatua tatu. Msumeno huanza kidogo kwa chini, kisha hukata kutoka juu, mbele kidogo ya hapo kuelekea ncha, tawi lianguke bila kuchuna gome. Mwisho kisiki huondolewa nje tu ya ule uvimbe ulio tawi linapoungana na shina, maana hapo ndipo mti hufunga jeraha lake. Mti uliokatwa kichwa huchipua vitawi vingi vilivyoshikilia juujuu, na hivyo ndivyo huvunjika upepo ukivuma.

Na hii zege inayomwagwa hadi shinani! Mizizi inahitaji maji na hewa.

Naomba halmashauri zetu ziweke sharti kwenye mikataba: anayepewa kazi ya kupogoa miti awe amefundishwa kazi hiyo.

Mkazi wa Upanga,
Dar es Salaam.