Risala ya Familia za Kijiji kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Urithi, Shinyalu

Mheshimiwa mgeni wa heshima, chifu wetu, wazee wa mitaa, walimu, wazazi na watoto, hamjambo nyote.

Kwa niaba ya familia za kijiji hiki, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu.

Mheshimiwa, mwaka huu tumekubaliana kwamba asiwepo mtu wa kutazama tu. Badala ya kukodi watumbuizaji huku sisi tumeketi chini ya mahema tukipiga makofi, kila boma limepewa kazi, kwa sharti moja: mkubwa na mdogo waifanye pamoja.

Chini ya ule mwembe, kina kukhu, yaani bibi zetu, wanawafundisha wajukuu kutengeneza musherekha, chumvi yetu ya kienyeji. Majivu ya maganda ya maharagwe hutiwa katika chungu kilichotobolewa kitako, maji yakamiminwa juu yake kidogo kidogo, nayo hudondoka chini yakiwa na rangi ya chai ya rangi, tayari kulainisha mboga ya mrenda. Mtoto akimimina kwa pupa, majivu hushuka pamoja na maji, na kukhu humwamuru aanze upya; na kwa maoni yetu, katika kuanza upya huko ndiko wawili hao wanakozungumza mengi ambayo nyumbani hayapati nafasi.

Kule uwanjani, akina baba na vijana wameanika ngoma za isukuti juani ili ngozi zikaze. Ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zinazosindikizwa na pembe ya swara na njuga. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho, jamii zetu za Waluhya, katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Heshima hiyo tunaipokea, ila kwetu ni onyo pia, kwa kuwa ngoma iliyosikika mtoto alipozaliwa, kwenye tohara, harusi na matanga, sasa imeachiwa wazee wachache, na familia nyingi hukodi spika hata kwa matanga yenyewe. Mtoto hawezi kuijua isukuti kwa kuitazama kwenye simu; lazima kiganja chake kiongozwe na kiganja cha anayejua.

Kwa hivyo tunakuja kwako na maombi. Ngoma zetu huhifadhiwa nyumbani mwa watu, ambamo mchwa na unyevu huziharibu, na tungefurahi kupata chumba shuleni. Miti ya kuchongea ngoma nayo imekuwa adimu; msitu wa Kakamega tuliopakana nao unalindwa na sheria, nasi tunaiunga mkono, hivyo tunaomba miche ya kupanda mashambani mwetu. Tunaomba pia wazee wanaojua kuchonga, kuwamba na kupiga ngoma waruhusiwe kufundisha shuleni, wazazi wakiwepo.

Baada ya risala hii, tunakuomba ushuke jukwaani ujiunge na familia moja, iwe ya chungu au ya ngoma, kwa hiari yako.

Ni sisi, familia za kijiji.