Salamu za Shukrani Kutoka Nyumbani kwa Mama, Kibirizi, Kigoma

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Asalaam aleikum. Tunaanza na salamu zote tatu kwa sababu wote mlikaa chini ya turubai letu pale Kibirizi, na mama asingekubali tumruke hata mmoja.

Sisi watoto, wakwe, wajukuu na vitukuu tunawashukuru kwa kutushika mkono tangu usiku ule mama yetu mpendwa alipopumzika, mpaka tulipomlaza kaburini na kuanua tanga. Ndugu zangu wamenipa mimi, kitinda mimba wake, kazi ya kuandika. Majina sitataja. Waliohangaika zaidi ndio walioniomba nisiwataje.

Madaktari na wauguzi wa Hospitali ya Maweni, asanteni kwa siku zote mlizomhudumia. Paroko wetu, katekista, kwaya iliyokesha, akina mama Wakatoliki wa WAWATA, jumuiya yetu ndogo ndogo, na kamati ya mazishi iliyotunza daftari la rambirambi bila shilingi kupotea: Mungu awazidishie. Ndugu wa Kasulu na Kibondo mlifika na maharage na mikungu ya ndizi wakati sisi bado hatujajua watu watakula nini. Wa Dar es Salaam, tunajua urefu wa safari ile.

Kaburi la mama lilichimbwa na vijana wa Kiislamu wa mtaani kwetu, wakisimamiwa na mzee mmoja kutoka Ujiji ambaye umri wake haumruhusu tena kushika jembe. Tulipotaka kuwapa chochote wakakataa. Mzee akatueleza jambo ambalo baadhi yetu hatukulijua. Miaka mingi nyuma alikuwa na mgonjwa Maweni, hana pa kulala, akapelekwa kwa mama. Ilikuwa Ramadhani. Mama alimfagilia kona ya sebule ya kusalia, na kila usiku, saa kumi, aliamka kuwasha moto ampashie daku. Mwezi mzima. Mzee alisema, "Leo ndiyo zamu yangu kuamka mapema."

Wengi mnamfahamu mama kwa dagaa. Alfajiri mitumbwi ikirudi alikuwa ufukweni na beseni lake, akanunue, aanike, apige magunia ya kwenda Tabora na kwingine kwa treni. Siku za mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika kwa kuwa taa hazivuti dagaa, hela nyumbani ilikuwa haba. Na mwaka 2024, ziwa lilipofungwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, ilikuwa haba zaidi. Sufuria kubwa haikushuka jikoni. Ugali wa muhogo na maharage, tone la mawese likipatikana, na anayesubiri boti ya kwenda Mwamgongo au Kagunga alikula nasi. Tulikuwa tunamuuliza, mama, huyu ni nani? Anajibu, "Mgeni." Basi. Hakuwahi kuongeza neno.

Lazima niseme na langu. Mwaka 1996, vita ya Zaire ilipowasukuma watu kuvuka ziwa, mama alileta nyumbani mama mmoja na watoto watatu, akawapa kitanda changu. Nilinuna. Nikakataa kula nao sahani moja. Mama alinitoa nje, akanishika bega, akaniambia: "Jumapili ulitoa ulimi kumpokea Yesu. Leo amekuja mwenyewe kwa miguu, unamnunia." Nililia sana, nikarudi ndani nikala. Ila kwa kweli nilikula kwa sababu ya kumwogopa mama. Nimekuja kumwelewa nikiwa mtu mzima, na kumwelewa sawasawa ni mwezi huu tu, nilipokaa kwenye mkeka wa msiba.

Mwaka 2015 mtakumbuka jinsi Warundi walivyojaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, barabara ya gari hakuna. Meli ya Liemba ikawa inawaleta mjini, wakawekwa uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya mabasi ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kipindupindu kikazuka. Mji mzima ulikuwa na hofu, na sikumlaumu mtu, hofu ile ilikuwa na sababu. Mama na wenzake wa jumuiya walipeleka uji na nguo. Baadaye tukasikia kwamba yeye alibaki akafua. Nguo za watoto waliougua, zile ambazo watu waliogopa kuzigusa, alizilowesha kwenye maji ya dawa kama alivyoelekezwa na wahudumu wa afya, akazifua, akazianika. Nyumbani hakutuambia. Tuliona mikono yake imechubuka, akasema ni chumvi ya dagaa.

Sasa, siku ya kwanza ya msiba alifika mama mmoja mwenye kitenge cha kijani. Alisalimia, akapita moja kwa moja uani, akakaa kwenye masufuria. Aliosha vyombo, akafua mashuka na kanga za wafiwa, akaanika, akakunja. Siku ya pili hivyo hivyo. Sisi tulidhani ni wa jumuiya. Jumuiya walidhani ni ndugu yetu wa Kasulu. Wa Kasulu walidhani ni jirani. Siku ya tatu, tulipokaa kula baada ya maziko, dada yangu mkubwa alimkatia ugali na kumuuliza kwa upole ametokea upande gani. Akasema ametokea Burundi, kapitia Manyovu, baada ya kupigiwa simu na mwenzake aliyebaki huku. Mama yetu ndiye aliyefua nguo za mwanawe pale uwanjani. Mtoto alipona, sasa ni kijana. "Nilijua siwezi kumlipa," alisema, "nikasema angalau nifue."

Kuna wanafunzi wawili wa Emau waliotembea na Bwana njia nzima wasimjue, mpaka alipoumega mkate mezani kwao. Mahubiri hayo nimeyasikia kila Pasaka. Siku ile niliyaona kwa macho, uani kwetu, mbele ya karai la maji ya sabuni.

Mama huyu alikataa nauli. Alichukua picha moja ya mama na furushi la dagaa. Kama ujumbe huu utakufikia, dada yetu, ujue hapa ni kwenu.

Tunaomba radhi. Siku ya pili maji yalikatika na wageni wengi waliondoka bila hata chai. Viti vilipungua, wazee wengine walikaa kwenye mawe. Mtusamehe.

Mwenye kumdai marehemu afike nyumbani amwone kaka yetu mkubwa, tutalipa. Kuhusu waliokuwa wanadaiwa na mama: tumelikuta daftari lake la dagaa chini ya mto. Kurasa nyingi amezipiga mstari kwa mkono wake mwenyewe, tarehe pembeni, hata za watu tunaojua hawakulipa. Wawili walikuja msibani na pesa mkononi. Tuliwaonyesha mstari, wakarudi nazo. Zile chache ambazo hakuwahi kuzipiga, tumezipiga sisi siku ya kuanua tanga.

Misa ya arobaini itasomwa parokiani kwetu, Misa ya kwanza ya Jumapili, tarehe itatangazwa kwenye jumuiya. Baada ya hapo tutakula pamoja nyumbani. Wenye mikeka mje nayo, safari hii tumejipanga kwa maji.

Chumba cha mbele tumekubaliana kisipangishwe. Dada yangu wa pili amehamia pale, na ufunguo mwingine yuko nao jirani wa mkono wa kulia, mwenye mwembe. Anayeuguza Maweni, au aliyekosa boti jioni na hana mwenyeji Kigoma, agonge tu. Hata usiku.

Ni sisi watoto wa marehemu, pamoja na wajukuu na vitukuu wake,
Kibirizi, Kigoma